Tunaonana kila siku, hatujuliani hali

Lawama kwamba simu zimetufanya wapweke nimezichoka kidogo. Wanaozitoa ni walewale ambao, pasipo mtandao, wasingejua kama waliosoma nao darasa moja bado wako hai. Ninachokiona mimi ni kingine: mtandao umetupa njia ya kujua habari za mtu bila kumuuliza, na tukishazijua tunajiona tumemjulia hali.

Chukua stetasi ya WhatsApp. Mtu anaweka picha ya mwanawe aliyetoka hospitali. Naiona nikiwa kitandani, napitisha kidole, nahamia kwa mwingine. Yeye akifungua orodha ya waliotazama analikuta jina langu. Hajasalimiwa wala hajaulizwa mtoto anaendeleaje, ila kila mmoja wetu anaridhika kwamba tuko pamoja. Mwezi unakatika na simu haipigwi. Nimpigie nimwambie nini, na mambo yake yote nimeshayaona?

Kwa watu wa mbali sina ugomvi na mtandao. Hapo umefanya kazi kubwa. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala iliyoonyesha kwamba miongoni mwa aliowahoji waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, wengi waliipata kwa mtu waliyeonana naye mara chache, si kwa rafiki wa chanda na pete. Sababu haina fumbo. Rafiki wa karibu anajua yaleyale ninayoyajua mimi. Anayezunguka kwingine ndiye anayesikia nisiyoyasikia. Zamani watu wa namna hiyo walipotea mtu akihama mji au akibadili kazi. Siku hizi hawapotei, namba ipo na picha inaonekana. Asiyeiona faida hiyo huenda hajawahi kutafuta kazi.

Tatizo ni kwamba muda wa kuwapa watu haukuongezeka. Mwanaanthropolojia wa Uingereza, Robin Dunbar, amekuwa akisema tangu miaka ya 1990 kwamba mtu anamudu uhusiano wa kweli na watu wapatao 150. Idadi hiyo inabishaniwa, nami siing'ang'anii. Lakini kundi moja la WhatsApp linabeba hadi watu 1,024 na siku bado ina saa 24, kwa hiyo lazima kuna mtu anapunjwa. Anayepunjwa ni wa karibu, kwa kuwa tunajua hatakasirika. Ndugu wa tumbo moja anapewa kidole gumba kilekile anachopewa mtu tuliyekutana naye semina.

Kwenye misiba ndiko kunakoniuma zaidi. Tangazo linaingia kwenye kundi la ukoo, "Poleni sana" inafuata chini ya "Poleni sana", nyingine zimenakiliwa pamoja na alama za viganja vilivyounganishwa. Katikati mtu anatupia kichekesho, anakifuta mbio. Mfiwa anazipata salamu za pole kwa wingi ambao babu zake hawakuuota, na inawezekana kabisa hadi jioni hajaisikia sauti ya mtu hata mmoja kati ya waliozituma.

Kunyamaza nako kumegeuka kosa. Tangu WhatsApp ilete tiki za bluu mwaka 2014, aliyesoma bila kujibu anahesabiwa amenuna, hata kama alikuwa anavuka barabara. Ajabu ni kwamba tunamnunia kwa kuchelewa kujibu "sawa", huku aliyetazama stetasi zetu mwaka mzima bila kutamka neno tunamwita rafiki.

Ninaye mwenzangu mmoja asiyeweka stetasi wala kutazama za watu. Ukitaka habari zake unapiga simu. Akitaka zako anapiga, na mara nyingi anapiga saa mbaya. Wengine wanamwona mtu mgumu. Mimi katika marafiki zangu wote ndiye pekee ninayejua amegombana na nani kazini, anadaiwa na nani, na kwa nini haongei na kaka yake. Mambo kama hayo hakuna anayeyaweka kwenye stetasi.