Siti ya dereva ikibonyea: sponji mpya au siti ya mtumba?

Corolla 110 ilitoka kiwandani Japani kati ya 1995 na 2000. Hata ile ya mwisho kabisa, siti yake imeshakaliwa zaidi ya miaka 20, na dalili tunaijua: dereva kalalia mlango, kwa kuwa ukingo wa kulia, anakoburuza paja kila akipanda na kushuka, umesagika. Hapo washauri hujigawa makundi mawili. Wa kwanza watakutuma kwa fundi siti akuongezee sponji. Wa pili watakutuma kwa wauza vipuri vya mtumba wa Gerezani, Dar es Salaam, ukatafute siti nzima.

Hawa wa mtumba wana hoja. Sponji ya kiwandani haikukatwa kwa kisu. Ilimiminwa ikiwa majimaji ndani ya kalibu, ikaumukia humo, na nyaya za kushikilia kitambaa zikabaki tumboni mwake. Umbo lile fundi wa mtaani hawezi kulirudisha kamili. Isitoshe, siti kwa kawaida hufungwa kwa bolti 4, kwa hiyo kazi haichukui muda. Ila siti hiyo nayo imetoka kwenye gari la umri uleule. Ibonyeze kwa ngumi kabla hujatoa hela. Ikichelewa kurudi, au ukiitikisa pakadondoka unga wa njano, unauziwa ugonjwa uleule uliokutoa nyumbani.

Kwa fundi, tatizo ni moja kubwa: sponji ya godoro. Ile ya bei rahisi huwa na kilo 20 hivi kwa mita moja ya ujazo, wakati ya siti ya gari huwa kilo 40 na kuendelea. Siku ya kwanza unajiona umekaa sebuleni. Baada ya miezi michache umerudi shimoni. Na kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: mto wa siti huinuliwa mbele makusudi, ili gari likigonga nyonga zisiteleze kupita chini ya mkanda. Sponji laini mno inaua kazi hiyo. Ukizidisha unene nako, kichwa kinagusa dari.

Lakini mara nyingi ubishi wote huu huanza kabla mtu hajaipindua siti. Nimewahi kuona mto uliotolewa kwenye fremu: juu umebonyea kidogo tu, chini una mifereji mirefu, kila springi imejichimbia njia yake kama waya unaokata sabuni ya mche. Kitambaa kizito kinachotenganisha springi na sponji kilikuwa kimeoza zamani. Mto kama huo ukiuongezea sponji juu, unailisha springi tu. Fundi anayejua kazi huanza huku chini: anarudisha springi zilizochomoka kwenye vishikio, anatandika kipande cha gunia au turubai, ndipo anaigusa sponji.

(Volkswagen Beetle za zamani zilikuwa na dawa nyingine: juu ya springi zilitandikwa nyuzi za makumbi ya nazi zilizoshikanishwa kwa mpira. Makumbi hayohayo mtu wa Pwani anayosokotea kamba.)

Mimi niko upande wa fundi, kwa masharti. Mto wa zamani usitupwe, maana ndio wenye umbo. Likatwe lile bonde la ukingoni peke yake, libandikwe pande la sponji ngumu, lichongwe kufuata ukingo wa upande wa pili ambao haujachakaa. Siti ya mtumba naiachia fremu iliyopasuka au reli iliyokufa, na hata hapo ningefikiria kuchukua fremu na kubaki na mto wangu.

Fundi akikuambia urudi jioni gari likiwa tayari, mkatalie. Kaa hapohapo kwenye benchi, na kabla hajavalisha kava mwambie akuwekee siti garini uikalie, mkono kwenye usukani, mguu kwenye breki. Sponji ikiwa bado wazi, kuipunguza sentimita mbili ni kazi ya dakika tano.