Mtaa wa Bei Nafuu Una Kasoro Gani?

Mitaa miwili inapakana, barabara moja tu ndiyo inayoitenganisha, lakini nyumba za upande huu ni ghali mno kuliko za upande wa pili. Wanunuzi wengi huishia kubishana juu ya jina la mtaa. Mimi nauliza: hiyo tofauti ya bei inalipia nini?

Wakati mwingine inalipia kitu cha kweli, kama shule. Mwaka 1999 mwanauchumi Sandra Black alichapisha utafiti uliolinganisha nyumba zilizo kando ya mipaka ya shule katika viunga vya Boston, ambako upande wa mpaka unaoishi ndio unaoamua mtoto atasoma wapi. Aliona kwamba alama za mitihani zikiwa juu kwa asilimia 5, wazazi hukubali kulipa takriban asilimia 2.5 zaidi. Basi kama una watoto, au unawalenga wapangaji wenye watoto, uliza shuleni kwenyewe nyumba unayoitaka iko upande gani. Neno la dalali halitoshi.

Ila jambo linaloninyima usingizi ni kasoro ya ule mtaa wa bei nafuu: inarekebishika au la? Vumbi, giza barabarani, maduka machache, hayo hubadilika watu wakiongezeka, na mara nyingi wanaohamia ni walioshindwa bei za jirani. Bonde halibadiliki. Niliwahi kuonyeshwa nyumba nzuri, rangi mpya, bei ya kuvutia. Nikafungua kabati la ukutani la chumba cha nyuma. Mle ndani fundi hakupaka: maji yalikuwa yameacha mstari mwembamba wa kahawia, umenyooka kama wa rula, juu kidogo ya kifundo cha mguu. Nikatoka, nikamwendea mama mmoja wa nyumba ya pili aliyekuwa akianika nguo. "Samahani mama, maji huwa yanafika wapi hapa?" Hakuniuliza maji gani. Alinyoosha kidole kwenye ngazi ya pili ya baraza lake.

Ukinunua ili upangishe, hesabu ni nyingine. Tuseme nyumba ya mtaa ghali inauzwa 100 na kodi yake kwa mwaka ni 5. Ya jirani inauzwa 70, kodi 4.2. Ya kwanza inakurudishia asilimia 5, ya pili 6. Hapo wengi hukimbilia ya pili. Lakini ikikaa tupu miezi miwili tu, kodi imebaki 3.5, nawe umerudi kwenye asilimia 5 ile ile, kabla hata hujamlipa fundi bomba. Kwa hiyo tembea mtaani uhesabu vibao vya "inapangishwa", kisha urudi baada ya mwezi uone ni vingapi bado vimening'inia.

Bei ya wastani ya mtaa siiamini sana. Jumba moja la kifahari likiuzwa, wastani wote unapanda, na nyumba unayoitaka haijabadilika hata tofali.

Mwishowe nilinunua mtaa ule ule wa bei nafuu. Kutoka kwa yule mama unapanda kilima, barabara ya tatu, na makabati yote niliyafungua kabla sijatia saini.