Mashine Ilisema Niko Hai

Jumamosi kwetu Umoja ni siku ya chapati na madondo. Kliniki waliniruhusu chapati moja, na mama watoto akanihesabia hiyo moja. Mbili zaidi nilijihesabia mwenyewe jikoni, nikiwa wima. Chakula cha kusimama mimi huwa sikiandiki kwenye daftari.

Nina kisukari miaka sita sasa, kwa hivyo kazi ya kupima naijua. Saa mbili tangu tonge la kwanza, unadunga kidole ubavuni, maana katikati ya ncha kunauma kama umeng'atwa na siafu. Unalisogeza tone kwenye stripi, mashine inahesabu kurudi nyuma, kisha inatoa hukumu. Chini ya 10, nachukua rimoti. Ikipita 10, mama watoto anachukua rimoti.

Saa nane na dakika kama ishirini hivi, mjukuu akanijia na chupa ya maji. Wana mechi kiwanjani na timu inataka glukosi. Nikararua paketi kwa meno, nusu ikaingia chupani, nusu ikamwagika mezani. Vitu vimepanda bei, nami si mtu wa kuacha unga wa pesa mezani. Nikauzoa kwa vidole vyote vitano, nikaurudisha chupani, nikatikisa. Simu ikalia: saa mbili zimetimia. Nikafuta mkono kwenye suruali, nikadunga kidole cha shahada.

Tano, nne, tatu, mbili, moja. HI.

Mimi nimezoea namba. 7.2 naijua, 9.8 naijua, hata 14.1 ya harusi ya mpwa wangu naikumbuka. Lakini herufi?

"Guka, ni 'hai'," mjukuu akasoma. Yuko gredi ya nne na Kiingereza chake hakina mchezo. "Inasema uko hai."

Nikashusha pumzi. Nikaona teknolojia imefika mbali.

Mama watoto hakuridhika. Akatoa kijitabu cha mashine kutoka droo ya mishumaa, akavaa miwani, akasoma midomo ikicheza. Kisha akaivua miwani polepole, jinsi anavyoivua kanisani tangazo la msiba likisomwa. "Mzee, HI ni sukari imepita 33.3. Hata mashine imeshindwa kuhesabu."

Papo hapo kiu ikanishika. Mate yakakauka, mkojo ukanibana, macho yakaingia ukungu; dalili zote zilizobandikwa ukutani kliniki zikanijia kwa mpangilio ule ule wa bango.

Bodaboda ilikuwa moja tu pale stejini, tukabebana mshikaki: mwenye boda mbele, mimi katikati, mama watoto nyuma amenishika kiuno nisidondoke. Nikaona siwezi kuonana na Mungu na mzigo huu.

"Mama," nikasema, "chapati zilikuwa tatu."

Kimya.

"Na Jumatano nilikula smocha, ile smoki ya kufungiwa ndani ya chapati. Na Alhamisi. Zile mandazi za msiba hazikuliwa na wageni. Na soda ninayosemaga ni ya fundi, fundi hajawahi kuiona."

Mkono uliokuwa umenishika kiuno ukakaza, na sidhani ulikuwa ule wa kunizuia nisianguke. Mwenye boda akageuza shingo: "Mzee, hiyo smocha ni ya wapi? Ya pale kwa daraja?" Nikakiri. Ni ya pale.

Kliniki, sista alisikiliza yote bila haraka, kisha akanishika mkono na kuutazama kucha kwa kucha. "Mzee, huu weupe ni nini?"

"Glukosi. Ya mtoto."

Akaita mwenzake aje aone. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikapelekwa kwenye sinki kama mtoto wa nasari, nikanawa kwa sabuni, nikakausha vizuri, nikadungwa kidole kingine: 9.1.

"Mashine yako ni nzima kabisa," sista akasema. "Imepima paketi. Siku nyingine nawa mikono kwa sabuni, ukauke, upime tena kabla ya kukimbia. Na usitegemee kufuta tu kwa spiriti, sukari inaweza kubaki kwenye ngozi."

Nikamgeukia mama watoto nikitabasamu. Nilikuwa mzima! 9.1 baada ya chapati tatu! Yeye hakuwa anatabasamu. Alikuwa ametoa daftari langu la sukari kwenye mkoba, kwenye ukurasa wa Jumatano.

"Smocha," alisema akiandika. "Na ya Alhamisi ulisema ilikuwa saa ngapi?"

Jumatatu jioni nilipita pale kwa daraja, kusalimia tu. Kijana wa smocha aliponiona akafunika sufuria.

"Guka, samahani. Shosh alipita hapa asubuhi. Alikuja na yule jamaa wa boda, akamwonyesha ni wapi."