Msiipe taji teki ya kwanza

Kila zinapotolewa teki za awali za wimbo unaopendwa, yaani yale majaribio ya kuurekodi studio, huzuka kauli ileile: hii ndiyo yenyewe, kabla prodyuza hajaja kuipaka rangi. Kauli hiyo ina utamu wake. Anayeisema anajiona ameshaingia jikoni na kuonja mchuzi wakati wenzake wamekaa sebuleni wakisubiri sahani. Kwa Strawberry Fields Forever ya bendi ya The Beatles, naona imekosea, na huo ndio wimbo mzuri wa kubishania jambo hili kwa sababu hatua zake nyingi zimeshatolewa rasmi. Majaribio ya nyumbani, teki ya 1 na teki ya 7 yamo kwenye albamu ya Anthology 2 ya 1996. Teki ya 4 na ya 26 zilikuja na toleo kubwa la albamu yao ya Sgt. Pepper la 2017, lililosimamiwa na Giles Martin, mtoto wa prodyuza wao, George Martin.

John Lennon, mwimbaji wake, aliuanza wimbo huu Almería, Hispania, mwaka 1966, alipokuwa akiigiza filamu. Strawberry Field ilikuwa nyumba ya watoto ya Salvation Army huko Woolton, Liverpool, jirani na alikokulia. Mwanzoni alikuwa na ubeti mmoja tu, bila kiitikio, na ndani yake alilalamika kwamba hakuna mtu aliye kwenye mawimbi yake, kama vile yeye ni stesheni ya redio isiyopatikana. Baadaye mawimbi yakawa mti: hakuna aliye kwenye mti wangu. Mwenye mawimbi anajigamba. Aliye juu ya mti huenda anaona mbali, huenda amekwama hajui atashukaje. Kazi ya kurekebisha ilianza hapo, hata studio haijafunguliwa.

Teki ya 1 ilirekodiwa tarehe 24 Novemba 1966 katika studio za EMI, Abbey Road, London. Ina urefu wa kama dakika mbili na nusu. Mwenzake Paul McCartney yuko kwenye Mellotron, kinanda cha vitufe kinachocheza sauti zilizorekodiwa, gitaa la mwenzao George Harrison linateleza pembeni, na sauti ya Lennon iko karibu na sikio. Ni nzuri, sibishi. Kasoro yake ni kwamba inaingia moja kwa moja kwenye ubeti. Unapewa mawazo ya mtu aliyefumba macho kabla hujaambiwa yuko wapi, na kiitikio kinachotaja mahali kinafika kimechelewa, kama kondakta anayetaja kituo gari likiwa limeshakipita.

Tarehe 28 Novemba walirudi, wakapiga teki ya 2 hadi ya 4, na sasa kiitikio kikawa mbele, kikitanguliwa na zile filimbi za Mellotron. Kwangu huo ndio uamuzi mkubwa kuliko yote katika wimbo huu, kuliko hata tarumbeta zilizokuja baadaye. Hauzungumzwi sana kwa kuwa hakuna chombo kilichoongezwa. Vipande vimebadilishana nafasi tu. Lakini cheza teki ya 1, kisha ya 4, na utasikia maneno yaleyale yakipata mzigo mwingine, kwa sababu safari hii umealikwa kwanza.

Filimbi hizo nazo zinahitaji neno. Ndani ya Mellotron, kila kitufe kinavuta kipande cha utepe wenye sauti ya chombo halisi iliyorekodiwa, na kipande hicho hudumu kama sekunde nane tu. Ukikibonyeza ukajisahau, sauti inakatika. Mpigaji lazima aachie kitufe utepe urudi mwanzo, kisha abonyeze tena. Kule kupumua kwa filimbi unakokusikia si madoido. Mashine yenyewe inamlazimisha mtu avute pumzi.

Sasa tuje kwenye namba, maana hapa watu wengi hupotoka. Husemwa kwamba walipiga wimbo mara 26. Sivyo. Mashine zao za kurekodia zilikuwa za njia nne, yaani utepe mmoja ulibeba sauti nne zilizorekodiwa kando kando. Njia zikijaa, fundi anachanganya kilichomo na kukihamishia kwenye utepe mwingine kwa njia moja au mbili ili nafasi ipatikane, na nakala hiyo inapewa namba mpya ya teki. Teki ya 7, ya tarehe 29 Novemba, si upigaji mpya. Ni teki ya 6 iliyohamishwa kisha ikaongezewa vitu. Teki ya 8 haipo kabisa. Teki ya 25 ni nakala ya kipande cha teki ya 15 kilichoungwa na cha teki ya 24, na ya 26 ni nakala ya hiyo ya 25.

Uhamisho huo una gharama mbili. Kwanza, mvumo wa utepe unaongezeka kila unaponakili. Pili, na hii ndiyo kali zaidi, ukishachanganya dramu na gitaa kwenye njia moja huwezi kuvitenganisha tena. Ukigundua wiki ijayo kwamba dramu ziko chini, zitabaki chini, au urudi kwenye utepe wa nyuma na kupoteza ulichoongeza baadaye. Kwa hiyo mtu aliyekuwa studio mwaka 1966 alikuwa akifunga milango nyuma yake kila hatua.

Teki ya 7 ilikuwa imekamilika, wangeweza kuishia hapo. Lennon hakuridhika, akataka kitu kizito zaidi. Tarehe 8 Desemba wakaanza upya kwa mwendo wa kasi, wakiwa na lundo la dramu na matoazi yaliyochezwa kinyumenyume. Tarehe 15 zikaingia tarumbeta nne na selo tatu, zile fidla kubwa za sauti nzito, kwa mpangilio wa George Martin. Swarmandal ya Harrison, kinanda cha Kihindi ambacho nyuzi zake hupitishwa kidole kwa mkupuo mmoja, ndiyo inayomiminika kama maji kati ya sehemu na sehemu.

Kisha Lennon akasema anapenda mwanzo wa ile laini, teki ya 7, na mwisho wa ile nzito, teki ya 26, basi ziungwe. Martin akamweleza kwamba haziko kwenye kii moja, yaani kimo kimoja cha sauti, wala mwendo mmoja. Jibu lilikuwa, kwa ufupi, utajua la kufanya.

Wengi wanaita kilichofuata muujiza. Mimi naona ni hesabu pamoja na bahati. Katika utepe, mwendo na kii ni ndugu wasioachana: ukipunguza mwendo kwa takribani asilimia 6, sauti inashuka nusu toni. Bahati ni kwamba teki iliyokuwa na kasi zaidi ndiyo pia iliyokuwa juu zaidi. Kuipunguza mwendo kuliponya magonjwa yote mawili kwa dozi moja. Kama ya kasi ingekuwa ndiyo ya chini, kuipunguza kungelinganisha mwendo na kuiharibu kii zaidi, na wimbo huu tunaoujua usingekuwepo. Tarehe 22 Desemba Martin na fundi Geoff Emerick wakaziunganisha. Utepe ukikimbia kwa sentimita 38 kwa sekunde, kukosea sehemu ya kumi ya sekunde ni kukosea karibu sentimita nne, jambo linaloonekana kwa macho. Kwa kawaida utepe hukatwa kwa mshazari wa nyuzi 45. Mshazari ukiwa mrefu zaidi, sauti moja inayeyukia ndani ya nyingine badala ya kugongana nayo.

Kushushwa huko ndiko kulikompa Lennon, baada ya dakika ya kwanza, ile sauti nene ya mtu mwenye usingizi. Sikiliza teki ya 26 peke yake kabla ya kupunguzwa: ni mtu mwingine, mwepesi, ana haraka. Ndiyo maana pia ukichukua gitaa lililolinganishwa vizuri na kujaribu kufuata wimbo uliotoka, utahangaika. Wimbo uko karibu na kii ya B♭, lakini si B♭ kamili. Gitaa lako halina kosa.

Wanaoitetea teki ya 1 wana shahidi mmoja mzito, Lennon mwenyewe. Martin alisimulia kwamba miaka mingi baadaye Lennon alimwambia angependa kurekodi upya kila kitu walichofanya, na alipoulizwa kama hata Strawberry Fields, akajibu kwamba huo hasa. Ila sioni popote aliposema alitaka kurudi kwenye teki ya 1. Aliyekuwa haridhiki siku ile ya Novemba aliendelea kutoridhika, basi.

Ukitaka kuzisikiliza, epuka vipande vya mtandaoni vilivyopandishwa au kushushwa kii ili kukwepa mitambo ya hakimiliki. Kwa wimbo mwingine ungevumilia. Kwa huu, mwendo ndio habari yenyewe, na umeshachezewa. Spika ya simu pia haifai, selo zote zitakupita. Vaa hedifoni, anza na majaribio ya nyumbani, kisha 1, 4, 7 na 26, halafu ndipo uweke wimbo uliotoka Februari 1967 na uitazame saa. Sekunde ya 60, kwenye neno “going” la kiitikio cha pili, sakafu inabadilika chini ya miguu yako. Ukishaukamata mshono huo hutaacha kuusikia tena, nakuonya. Rudi kwenye teki ya 7 mahali hapohapo uone inavyoendelea kwa upole uleule hadi mwisho, bila selo, bila tarumbeta.