Toraja si Jumba la Maiti

Kila baada ya muda kuna video inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp: maiti aliyekauka, kavalishwa suti na miwani, kasimamishwa juani huku ndugu zake wakimpiga picha. Maelezo huwa yaleyale, kwamba huko Indonesia wafu wanatembea. Hawatembei. Hiyo ni Ma'nene, desturi ya baadhi ya familia za Toraja, katika milima ya Sulawesi Kusini, ya kufungua majeneza baada ya mavuno, mara nyingi mwezi Agosti, wakawasafisha wazee wao na kuwabadilisha nguo. Haifanyiki kila kijiji wala kila mwaka. Video hiyo imenichosha, maana anayefunga safari kwa ajili yake huenda akapata picha anayoitaka na akakosa karibu kila kitu kingine.

Lango la kufikia huko ni jiji la Makassar. Kutoka hapo hadi Rantepao, mji wanakofikia wageni wengi wa Toraja, ni zaidi ya kilomita 300, na basi huchukua saa nane hadi kumi hivi. Wengi hupanda la usiku, na kweli viti vyake vinalazwa vizuri, lakini mimi ningepanda la mchana. Ukishapita Parepare barabara inaiacha bahari na kuanza kujipinda kuelekea Enrekang, joto linapungua, na milima inakuja mmoja baada ya mwingine. Uwanja mdogo wa ndege upo pia, upande wa mji wa Makale. Ukishuka kwa ndege, hutaelewa kwa nini watu hawa walikaa muda mrefu bila kutawaliwa na wageni. Waholanzi waliingia mwaka 1906 tu, na hata hapo Pong Tiku, kiongozi wa Watoraja, aliwasumbua kutoka kwenye ngome zake za milimani hadi walipomkamata na kumuua mwaka 1907.

Kwanza utaona mapaa. Nyumba ya ukoo, tongkonan, ina paa lililopinda kama mashua, ncha zote mbili zikiinuka, na daima inatazama kaskazini. Mbele yake kuna safu ya maghala ya mpunga yenye umbo lilelile, na kwenye nguzo ya mbele zimepangwa pembe za nyati, ukumbusho wa mazishi yaliyokwisha fanyika. Kijiji cha Kete Kesu ndiko wanakopelekwa wageni wengi, na panastahili. Utawasikia watalii wakinung'unika kwamba mapaa mengi siku hizi ni ya mabati badala ya mianzi. Nawashangaa. Paa la mianzi lataka mafundi, fedha na miaka ya matunzo, na mvua ya milimani haimsubiri mwenye nyumba akusanye vyote hivyo.

Sasa mazishi yenyewe, Rambu Solo. Watoraja wengi leo ni Wakristo. Misheni ya Kiholanzi ilifika mwaka 1913. Lakini dini ya mababu, Aluk Todolo, haijaondoka kwenye msiba. Mtu akifariki, familia inaweza kumweka nyumbani miezi au miaka, akihesabiwa kuwa mgonjwa, akitengewa chakula, mpaka fedha zitoshe na watoto walio Jakarta, Kalimantan au Papua warudi. Kisha zinajengwa baraza za mianzi kwa ajili ya wageni, watu wanashikana mikono kwenye duara na kuimba ma'badong, wimbo wa maombolezo, na nyati wanachinjwa. Kwa mtu wa ukoo mkubwa huwa wengi. Nyati wa madoadoa meupe na meusi, tedong saleko, anaweza kufika mamia ya mamilioni ya rupia. Ukitaka kuona bei hizo zikipatanwa, nenda soko la mifugo la Bolu, karibu na Rantepao, siku ya mnada. Wanyama wanaogeshwa na kusuguliwa hadi wang'ae.

Ni rahisi kusema huu ni ufujaji, na wapo vijana wa Toraja wanaosema hivyo waziwazi. Ila sisi tunaoandika michango ya msiba kwenye daftari, jina kwa jina, tusiwe wepesi wa kucheka. Kule pia kila nguruwe na kila nyati anayeletwa hukumbukwa, na siku aliyemleta akifiwa ni lazima arudishwe. Hata urithi wa mashamba, kwa desturi, ulitegemea mtoto alimchinjia mzazi wake nini.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema mgeni asihudhurie. Wingi wa wageni ni heshima kwa marehemu, na familia nyingi hufurahi kukuona. Lakini nenda kama mgeni wa msiba. Vaa nguo nyeusi au za rangi iliyotulia, tafuta mwenyeji wa kukuongoza, beba boksi la sigara au sukari, kaa pale unapoonyeshwa, unywe kahawa unayopewa. Damu hutaki kuiona? Kaa nyuma, hakuna atakayekulaumu. Kwa wasomaji Waislamu: nguruwe hutamkwepa kwenye sherehe, lakini Rantepao kuna msikiti na mikahawa ya halali.

Wageni wabaya zaidi kwa Toraja walikuwa matajiri wa mbali waliopenda vitu vya kale. Miaka ya 1980 sanamu za mbao za marehemu, tau-tau, ziliibwa kwa wingi kutoka kwenye majabali yenye makaburi na kuuzwa nje ya nchi. Ukisimama Lemo ukatazama zile sanamu zilizojipanga kwenye roshani za mwamba, kumbuka kuna familia zilizolazimika kuficha za wazee wao au kuchonga nyingine.

Nikiulizwa siku moja tu niitumie wapi, nitajibu kijiji cha Batutumonga. Iko kwenye mteremko wa mlima Sesean, wenye zaidi ya mita 2,000. Panda na gari asubuhi, kisha ushuke kwa miguu: majaruba ya ngazi kwa ngazi, mawe makubwa meusi katikati ya mpunga, mengine yametobolewa milango ya makaburi, nyati wamelala kwenye tope, watoto wakikusindikiza. Bei ya yote hayo ni jasho. Kahawa ya milima hii ni arabika nzuri sana na inauzwa hadi Japani. Hapa utaikuta imeanikwa uani.

Madereva watakusihi uende Makale kuona sanamu ya Yesu ya takriban mita 40 juu ya Buntu Burake, yenye daraja la vioo. Mandhari ni mazuri, foleni ya picha ni ndefu. Mimi ningeiruka. Na kama likizo yako ni ya siku mbili tu, basi baki Makassar ule samaki wa kuchoma. Toraja uende mwaka mwingine.