Steringi Hafi, Anaumia Kiuno

Juzi nimeinama bombani kunyanyua dumu la lita 20, kiuno kikalia kwaa. Nikabaki pale pale, nimepinda kama ndoana, kina mama kwenye foleni wananiambia, "Baba Zuhura, kama hubebi si utupishe?" Nipishe vipi? Miguu inataka, kiuno kimegoma. Nimerudishwa nyumbani na watoto wa shule, mmoja kila kwapa. Dumu sijui liko kwa nani mpaka leo.

Sasa nimelala kifudifudi nachuliwa, binti yangu kanitegea simu kichwani nipoteze mawazo. Kaniwekea nani? Jackie Chan! Mtu wa mwaka 1954, sabini keshaivuka, na bado anarusha mateke. Mimi nina 44 nimeangushwa na maji.

Huyu mzee ana deni langu la tangu utotoni. Tulikuwa tunamwangalia kwenye kibanda umiza, kiingilio shilingi 50, tumebanana kwenye benchi, jasho la jirani ndiyo feni yako. Ukitoka hapo mwili mzima unawasha, unataka ukuta wa kuparamia. Mimi nikapanda mpapai ili nijirushe. Mpapai haukujua kama mimi ni steringi. Ulikatika kabla sijajipanga, na mama akamalizia kazi kwa mwiko.

Jackie alikuwa anaanguka kutoka ghorofani, anapangusa suruali, anaendelea kupigana. Nikajua wenzetu wana mifupa ya mpira. Kumbe! Zuhura ananiambia, "Baba, subiri majina yapande, ndiyo patamu." Nikasubiri. Jamaa kaonekana kavunjika kifundo cha mguu, kafungwa plasta, halafu juu ya plasta kavishwa soksi iliyopakwa rangi ifanane na raba, karudi kazini!

Ndiyo nikagundua nilivyoibiwa. Yule mwenye kibanda, adui akishalala tu, anazima deki na kupiga makofi: "Haya tokeni, wengine waingie!" Miaka yote ile mtu alikuwa anaumia mwishoni, na sisi tuko nje tunapanda mipapai.

Zuhura akanisomea mengine. Kwenye Project A ya mwaka 1983, kaning'inia kwenye saa ya mnara, kaachia, kapasua maturubai mawili mpaka chini. Karudia. Kwenye Police Story ya 1985 kateleza kwenye nguzo iliyozungushiwa taa za umeme, mikono ikaungua. Mwaka uliofuata, kule Yugoslavia, karukia mti, tawi likakatika, kichwa kikapiga jiwe. Fuvu likapasuka, mpaka leo ana kiziba cha plastiki kichwani. Tawi lilikatika! Hapo mwenzenu nilitamani kunyanyuka nimpe mkono.

Tena hakuzaliwa hivyo. Wazazi wake walikimbia vita China bara, wakafikia Hong Kong kwenye nyumba ya balozi mdogo wa Ufaransa, baba mpishi, mama mtumishi wa ndani. Baba alipopata kazi ya kupika ubalozi wa Marekani kule Australia, mtoto akaachwa kwenye shule ya opera ya Kichina ya mwalimu Yu Jim-yuen, miaka kama kumi. Kusimama kwa mikono, sarakasi, kuimba, fimbo. Fimbo hata mimi nimekula, lakini zangu zote ziliishia kwenye magazijuto, na magazijuto yenyewe sikuyajua.

Akamaliza shule, opera haina watazamaji. Kazi iliyopatikana ni ya kuumia badala ya wengine. Ile Fist of Fury ya 1972, Bruce Lee anampiga adui teke anapaa na kutoboa ukuta? Anayepaa ni Jackie. Senema zilipokauka, mwaka 1976 akawafuata wazazi Canberra, akaingia kwenye ujenzi. Saidia fundi! Jina lenyewe la Jackie kalipata huko, mafundi walishindwa kumwita Kong-sang. Mimi nimesaidia mafundi miaka sita, jina nililopata ni "Wewe".

Alirudi Hong Kong, mwaka 1978 akatoka na picha mbili, nyota ikawaka, haijazima. Mwaka 2016 wakampa Oscar ya heshima, na pale jukwaani akaitaja mifupa yake aliyoivunja. Nami nikamgeukia mke wangu, nikamwambia mwanaume kazini lazima aumie. Akanikandamiza kidole palepale panapouma. "Yeye alikuwa anaruka maghorofa. Wewe uliinama."

Nikamwomba Zuhura ile Police Story, yote, niimalizie baada ya miaka thelathini. Nimevumilia, shingo imekakamaa. Adui kashapigwa. Majina yanaanza kupanda, nikainua kichwa kwa shida nione. Kiduara kikaanza kuzunguka.

"Bando limekata, baba. Nipe buku niunge."

Buku lipo kwenye suruali. Suruali ipo kwenye msumari. Msumari nimeugongelea mwenyewe, juu kabisa, ili mke wangu asiufikie.