Meneja wa ziara achaguliwe kwa hesabu

Bendi changa za roki za Uingereza zikianza kuvuka kwenda kupiga bara Ulaya, umeneja wa ziara hupewa rafiki mchangamfu anayejuana na kila mtu. Mimi ningempa yule anayetunza risiti.

Chukua usiku wa kawaida. Wameingia watu 400 kwa euro 20, VAT ikiwa imeshatolewa: 8,000. Mkataba unasema bendi ilipwe 2,000 za uhakika, au asilimia 80 ya kinachobaki baada ya gharama, itakayokuwa kubwa. Gharama zilizokubaliwa ni 4,000, kwa hiyo bendi ichukue 3,200. Saa sita usiku, ofisini kwa promota, yaani mwandaaji wa onyesho, karatasi inasoma gharama 4,500: pameongezwa walinzi na mabango ambayo hayakutajwa. Ukitia saini, 400 zimekwenda. Orodha ya gharama iombwe kwa maandishi wiki kadhaa kabla, na kila nyongeza idaiwe risiti yake. Tiketi za bure zihesabiwe pia, maana promota akijaza ukumbi kwa wageni wake, mfuko unaotoboka ni wa bendi.

Barabarani ni hesabu tena. Dereva wa basi haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 9 kwa siku (10 mara mbili tu kwa wiki), na kila baada ya saa 4 na nusu apumzike dakika 45. Berlin hadi Paris ni zaidi ya kilomita 1,000. Anayepanga maonyesho ya miji hiyo miwili siku mbili mfululizo kwa dereva mmoja ameangalia ramani tu.

Halafu forodha. Tangu Januari 2021, Uingereza ilipotoka kwenye soko la pamoja la Ulaya, gari lililojaa ampu (vikuza sauti), ngoma na mitambo kwa kawaida huvuka na karneti ya ATA, hati ya forodha ya kuingiza vifaa kwa muda bila kulipa ushuru, yenye namba, uzito na thamani ya kila kifaa. Mihuri ni minne: kutoka Uingereza, kuingia Ulaya, kutoka Ulaya, kurudi nyumbani. Unaosahaulika ni wa tatu, bandarini Calais, Ufaransa, alfajiri, wote wamelala. Bila huo, vifaa vinahesabika vimebaki Ulaya, na madai ya ushuru hufuata. Tisheti za kuuza na nyuzi za gitaa haziingii humo. Na ampu ikiibwa njiani, bila ripoti ya polisi hakuna cha kuwaonyesha forodha.